Ufunguo wa Pawatila ya Shangazi Namkunda

Hadithi hii sikuwaletea watu wa kusema "ndiyo, ndiyo". Nimewaletea wenye shaka. Kama wewe ni mtu wa kuamini kila unaloambiwa, kaa pale karibu na mlango usikilize kwa adabu. Wengine tegeni masikio, maana mwishoni nitauliza, na sitaki kuona mtu anaangalia pembeni.

Kule milima ya Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, alikuwepo mjane aitwaye Namkunda. Hakujaliwa mtoto, lakini kaka zake walimwachia watatu, na wote walimwita Shangazi. Sifuni alikuwa na pua. Akipita mlangoni kwako anajua ulipika nini juzi. Nanzia alikuwa na sikio. Ng'ombe akikohoa ng'ambo ya bonde, anakwambia ni wa nani. Kirimia alikuwa na mikono. Kilichofungwa na fundi yeye alikifungua, na mara nyingi alikifungua kabla hajaombwa.

Naona mmeshaanza kushuku. Vizuri, hata Shangazi alishuku.

Shangazi alikuwa na pawatila, ile mashine ndogo ya kulimia unayoishika kwa mikono miwili ukatembea nyuma yake huku visu vikichimba ardhi. Kitongoji kizima kilikuwa na moja tu, yake. Banda alikuwa nalo, zuri, la mabati, tena na kufuli. Lakini kufuli ni la nini kwa mtu mwenye Kirimia katika ukoo? Basi pawatila ililala chumbani, ubavuni mwa kitanda chake, tangi limejaa petroli na koroboi linawaka juu ya kasha. Hapati usingizi mpaka aipapase kwanza. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema, akiwatazama wale watatu mmoja mmoja.

Alikuwa na siri nyingine. Pawatila ina mkono wa klachi. Ukiubana, visu vinazunguka, ukiuachia, vinasimama. Ndiyo salama ya mlimaji, kwamba akianguka na mashine nayo itulie. Lakini vidole vya Shangazi vilishazeeka, kubana kulimchosha. Akakata ukanda wa mpira wa baiskeli, akaufunga ule mkono ubaki umebanwa muda wote. Hakumwambia mtu.

Sasa, Wapare wana msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa watu kwa kazi ya wote, na asiyekwenda anatozwa faini. Jumapili moja likalia kwa ajili ya ndiva, bwawa linalotunza maji ya mashamba, maana ukuta wake ulikuwa umebomoka. Watu wakatoka na majembe. Shangazi alifurahi peke yake ndani. Kitongoji kitupu, hakuna jicho la mtu! Akaitoa pawatila. Tangi hakulikagua. Miguuni alivaa ndala, kiunoni kanga ndefu inayoburura chini.

Shamba lake ni la ngazi, vipande vyembamba vyenye kuta za mawe. Alipofika mwisho wa ngazi akatia gia ya kurudi nyuma, mashine ikaanza kumfuata huku naye anarudi kinyumenyume. Kisigino kikagonga ukuta, akaanguka. Mikono iliachia. Mpira haukuachia. Visu vikaja vikaikamata kanga, na kanga ikauvuta mguu.

Hapo ndipo pua ilipofanya kazi. Visu vilipofika kwenye nyama ya mguu, injini ilikohoa, ikazimika. Tangi lilikuwa limekauka. Jana yake, Sabato, Shangazi akiwa kanisani anaimba, Sifuni aliingia chumbani kwake na kipande cha bomba, akainyonya petroli yote, ikabaki ile isiyofikiwa na bomba. Isingekuwa hivyo, leo tungekuwa tunasimulia matanga.

Hapo ndipo sikio lilipofanya kazi. Shangazi alilia, nani amsikie? Watu walikuwa ndiva, wanaimba na kugonga mawe. Ni Nanzia pekee aliyesikia, akajisemea, "Mashine ya Shangazi imelia vibaya, kisha imenyamaza." Alikuwa ameshawaaga wenzake na yuko njiani, ati anakwenda kutazama maharage aliyoyaacha jikoni. Akakimbia akamkuta, akapiga ukunga mpaka watu wakaja. Bila yeye, Shangazi angekaa pale mpaka damu iishe.

Hapo ndipo mikono ilipofanya kazi. Kanga ilikuwa imejisokota mguuni, mguu umekuwa wa bluu, na panga halikupata pa kupita kati ya visu na nyama. Watu walikwishaanza kuivuta mashine kwa nguvu, Shangazi anapiga mayowe. Kirimia akawasukuma. "Mtu asiguse! Mkivizungusha visu inaweza kushtuka tena!" Akachomoa kwanza waya wa plagi. Kisha akatoa spana mfukoni, akafungua visu kimoja kimoja mpaka mguu ukatoka. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, mguu ungekatwa.

Shangazi alirudi kutoka hospitali na mkongojo. Kulima basi tena. Akawaita wale watatu, akaweka mezani ufunguo wa banda.

"Pawatila na shamba ni vya aliyeniokoa," alisema. "Mimi maisha yangu yote sijamwamini mtu, na nimechoka. Kabla sijafa nataka nimwamini mmoja. Lakini nasikia harufu ya wizi. Sifuni, uliingia chumbani kwangu kutafuta nini?"

"Shangazi, harufu ya ile petroli niliisikia nikiwa barabarani. Unalala nayo na koroboi! Ungeungua."

"Na pikipiki yako jioni ile ilifika mjini Same kwa maji?" Nanzia akadakia.

Sifuni akatazama chini. "Ningeimwaga? Petroli haimwagwi."

"Haya, wewe Nanzia. Watu wote wale hawakusikia, ukasikia wewe?"

"Kila ikiwashwa huwa naacha kazi nasikiliza, Shangazi. Ikizimika vizuri najua bado u mzima."

"Mwongo!" Kirimia akasema. "Wiki ile ile ulimuuliza fundi inawashwaje. Na hayo maharage, nani aliyala?"

Hakuna aliyeyaona hayo maharage.

"Na wewe Kirimia," Shangazi akasema, "spana hiyo nimeitafuta tangu masika."

"Visu vilikuwa vinalegea. Nilijua ukiniona nimeishika utaniita mwizi. Nikawa navikaza ukiwa kanisani."

"Au ulikuwa unajifunza kuvifungua, uvibebe kidogo kidogo?" alisema Sifuni.

Wakaanza kurushiana maneno wote kwa pamoja, mpaka Sifuni akapiga meza. "Tusidanganyane hapa! Daktari ameuona mguu, mimi nimeiona mashine. Kuna mtu alifunga mpira kwenye klachi. Huyo alitaka Shangazi afe. Mwenye mikono ni nani hapa?"

"Si aliyekuwa anaingia chumbani?" Kirimia akajibu.

"Au aliyeulizia mashine kwa fundi," Sifuni akasema, na wote wawili wakamgeukia Nanzia, naye akaanza kulia.

Kwa Shangazi ingekuwa rahisi sana. Angenyoosha kidole kwa mmoja, angebaki na wawili. Watatu wakasubiri wamsikie atamtaja nani.

"Mpira niliufunga mimi," alisema.

Nanzia akafuta machozi kwa kiganja. Hakuna aliyecheka.

"Nimewachunga nyie miaka yote," Shangazi akasema taratibu, "na aliyekuwa ananiua ni mimi. Mmoja wenu achukue ufunguo. Sitauliza tena."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Kila mmoja aliogopa kuuchukua mbele ya wenzake.

Pawatila sasa iko bandani, tangi tupu, waya wa plagi umechomolewa. Ufunguo bado uko pale mezani, na Shangazi analala mlango wazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Vuli inakaribia. Tangawizi haingoji watu wamalize kushukiana.

Haya, wenye shaka wangu. Petroli iliibwa, na ikamwokoa. Sikio lilivizia, na likamwokoa. Spana ilifichwa, nayo ikamwokoa. Shangazi anataka kumwamini mtu mmoja tu kabla hajafa. Wewe uliyekaa hapo mbele, ungemkabidhi nani ufunguo? Na wewe wa mlangoni, ambaye tangu mwanzo umewaamini wote watatu, mbona unatabasamu?