Kitalu Kimoja, Mikono Minne

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya masultani na majini, ni hii ya juzi ya watu wenye simu mkononi na njaa tumboni, palikuwa na kaunti ya pwani iliyoishi kwa muhogo. Muhogo wa kuchemsha asubuhi, muhogo wa nazi mchana, muhogo wa kukaanga na pilipili jioni. Kisha ukaja ugonjwa mnafiki. Majani mabichi, shina limesimama wima, mkulima anashukuru Mungu. Akichimba, mzizi ndani ni kahawia, umeoza, hata mbuzi anaunusa na kwenda zake.

Katika kaunti hiyo alikuwako Dama, msichana mwenye digrii ya mimea na kazi ya kukaanga viazi karai stendi. Ukimuuliza habari za digrii, anakujibu, "Ipo. Nangoja karatasi za kufungia viazi ziishe." Alikuwa ametarmaki akitafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Kila ofisi ilimuuliza, "Una ekspiriensi?" Naye hujibu, "Ya kukataliwa? Ninayo tele, boss."

Basi serikali kuu ikatenga pesa za utafiti. Zilikuwa pesa za nchi nzima, za mnywa chai wa milimani na mfuga ngamia wa kaskazini, zikashuka kwenye kituo kimoja cha kilimo kilichochakaa, ambacho wafanyakazi wake wa kudumu walikuwa popo. Akaja Dakta Mwakio na mitambo, akaajiri vijana, Dama akiwamo. Siku alipovaa koti jeupe, mama yake alilia. Dama akamwambia, "Mama, usinililie begani. Koti ni la serikali, wataniuliza."

Dakta Mwakio akazalisha mbegu mpya kwa kuchanganya muhogo na muhogo. Mbegu ikifa, anaanza upya. Ikifa, anaanza upya. Mwishowe akapata moja iliyoonekana kuushinda ugonjwa.

"Kuonekana si kujulikana," akasema. "Lazima ipandwe bega kwa bega na mbegu ya zamani, mahali penye ugonjwa mkali. Na ile ya zamani isitibiwe, ising'olewe. Iachwe iugue."

Nani atakubali shamba lake liugue makusudi? Wakulima walicheka, wakavaa kofia, wakaondoka. Akabaki Hawe Kanze, yaani Bibi Kanze kwa Kigiriama, mjane mwenye shamba moja na ulimi wa shubiri. "Chukueni," akasema. "Fidia mtanipa?" Wakamwahidi fidia.

Upande mmoja ukapandwa mbegu mpya, ya kutunzwa, si ya kuliwa. Upande wa pili ukaachwa uoze. Majirani wakapita wakiimba, "Kanze kapanda njaa!" Siku moja Dama akamkuta ameinama anang'oa mihogo migonjwa, apate kula vipande ambavyo havijaoza bado.

"Hawe, acha!"

"Niache nile nini? Koti lako?"

"Ukiing'oa hatutajua lolote. Mwaka ujao kaunti nzima itakula uozo."

Hawe akasonya sonyo refu. Akaiacha. Akaenda kuchuma mtsunga, mboga chungu ya porini, akala huo msimu mzima. Na fidia? Fidia ilikuwa imekwama. Huko bungeni baadhi walitaka pesa za utafiti zikajenge barabara, na kura zilikuwa sare. Ikabaki ya Mheshimiwa Ekai, mbunge wa kaskazini kukavu, ambako hakuna aliyewahi kuona muhogo.

Wenzake wakamnong'oneza, "Ua hiyo mihogo, tukuchimbie kisima kwenu."

Akajibu, "Leo niue mihogo yao, kesho nani atatafiti ngamia wangu?" Akapiga kura, pesa zikabaki. Uchaguzi ulipofika, watu wake wakamwangusha. "Alitunyima kisima kwa ajili ya chakula cha wengine!"

Wakati mabishano yanaendelea, mishahara ilikatika. Vijana wakaondoka kituoni, mmoja leo, mmoja kesho. Dama naye akapigiwa simu: benki mjini, kazi ya kudumu, aripoti kesho yake. Kesho yake! Na pampu ya kituo haikuwa na mafuta, na miche ya ile mbegu mpya ya Dakta ilikuwa inalegea bandani. Dama akailaani serikali kwa Kigiriama, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha akajitwisha mtungi. Benki ikamchukua mwingine.

Mavuno yakafika. Wakachimba upande wa zamani: kahawia. Wakachimba upande mpya: mihogo myeupe, kama nyama ya nazi. Vigelegele! Kaunti ikainuka. Kiwanda cha unga kikafunguliwa, malori yakapanga foleni, watoto wa shule wakaja kituoni kuchungulia hadubini na kurudi nyumbani wakitaka kuwa madaktari wa mihogo.

Serikali kuu ikafurahi, ikaleta zawadi ya kufungia mradi: kitalu cha mbegu chenye kisima, pampu na leseni ya kuuza mbegu. Ni kimoja, na mwenyewe awe mmoja. Atakayepandiwa kijiti cha kwanza cha muhogo ndiye mwenye kitalu. Wakaitwa wanne waseme, hata Ekai akatoka kaskazini.

Dakta Mwakio akasema, "Nawashukuru nyote. Ila kitalu nipeni mimi, nifundishie vijana, maana ugonjwa mwingine u njiani. Bila mimi, mngekuwa na shamba, na maji, na pesa, na hamna mbegu."

Hawe Kanze akasema, "Nami nashukuru, mwanangu. Ila nilikula mtsunga mpaka mate yakawa machungu. Fidia ilikuja, nimeshaanza kuzeeka kwa njaa. Bila mimi, mbegu yenu ingekuwa maneno tu."

Mheshimiwa Ekai akasema, "Sijui hata kuumenya muhogo, lakini nashukuru kuuona. Kijengeni kitalu kwetu, kwenye ukame, watu wangu waone nilipigia nini kura. Bila mimi, mngefunga kituo."

Dama akasema, "Asanteni, na sisemi kwa adabu, nasema kwa moyo. Lakini Dakta ana mshahara. Hawe ana shamba. Mheshimiwa ana pensheni. Mradi umeisha leo, koti narudisha, mimi nina karai. Bila mimi, miche ingekauka."

Wote walikuwa wamesema kweli. Hawe Kanze akakichukua kile kijiti, akamtia Dama mkononi. "Shika. Ulinizuia kung'oa, nikakutii. Leo chagua wewe, nitatii tena."

Dama akasimama nacho. Aliitamani ile pampu. Akamtazama aliyezalisha, akamtazama aliyekula uchungu, akamtazama aliyeanguka kwa ajili ya watu asiowajua. Jua lilikuwa kali, na kijiti cha muhogo kikikauka ni kuni.

Haya, nyinyi mnaosema serikali haifanyi kitu, na nyinyi mnaosema inafanya kila kitu, acheni kelele mnijibu: Dama akipande kijiti kwa niaba ya nani?