Nani Aondoke na Mtamba?

Sogeeni, na anayejiona hodari wa kuamua akae mbele. Mimi ni Atupele, mwenyekiti wa ushirika wa maziwa hapa milimani Rungwe. Nimeshika kamba, na mwisho wa kamba yuko mtamba mwenye mimba anayenivuta tangu asubuhi. Nimeahidi kumpa mtu mmoja. Waliojitokeza ni watatu.

Subilaga haamini mtu. Akifunga mlango, lazima arudi kuusukuma. Ambakisye ana subira ya kuelewana na mashine yoyote. Gwamaka hatulii, ukimpa kiti atakikalia ukingoni tu. Wote hawana ng'ombe. Wa Subilaga alikufa mwaka jana, na zizi bado analifagia.

Tangi letu la kupozea maziwa lina kifaa kidogo kilichoungwa kwenye mtandao. Ukikiuliza maziwa yana joto gani, kinajibu. Ukikiamuru kizime ubaridi, kinazima. Sura ya mtu hakiijui, kinajua neno la siri tu.

Subilaga alipokikagua alikuta neno la siri ni lile lile kililotoka nalo kiwandani.

"Mama Mwenyekiti, hili dunia nzima inalijua!"

Akalifuta, akaweka jina la ng'ombe wake marehemu.

Ambakisye akaona mlango umefungwa lakini hauna sauti. Akakipanga kifaa kipige kelele kwenye kompyuta ya ofisini maziwa yakipata joto, au mtu akikosea neno la siri. Basi kikawa kinalia ovyo. Ukimimina maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, kinalia. Subilaga akikosea herufi moja, kinalia. Tukakizoea kama jogoo wa jirani.

Gwamaka hakupanga chochote. Nilikuwa nimemkataza hata kuigusa mashine ile, maana vidole vyake navijua.

Siku ya mkutano mkuu tangi lilijaa maziwa ya kaya zote, tukisubiri lori la mnunuzi. Alishatuonya kwamba yakiharibika tena, hatutamwona tena hapa. Katikati ya mkutano kifaa kikalia. Watu wakaguna. Kikalia tena, na tena. Gwamaka akainuka.

"Keti, Gwamaka. Kitanyamaza chenyewe."

"Siwezi, Mama. Kinanikera!"

Akatoka. Kwenye kompyuta akaona mgeni wa mbali anabahatisha neno la siri, anakosa, anarudia, haraka kuliko kidole cha binadamu. Gwamaka hakujua la kufanya ila moja: alikimbilia kwenye tangi akachomoa waya wa mtandao. Kelele zikakoma.

Ambakisye alipokagua baadaye, alikuta mgeni alianza na neno la kiwandani, akapita majina ya matunda, akawa ameingia kwenye majina ya ndege. Ng'ombe wa Subilaga aliitwa Tausi.

Ushirika wa ng'ambo ya mto una kifaa kama chetu. Siku hiyo hiyo ubaridi wao ulizimwa, na maziwa yakamwagwa mtaroni. Nilimsikia mwenyekiti wao akilia kwenye simu. Kwa hofu na furaha nikaropoka mbele ya mkutano: "Aliyeyaokoa maziwa yetu ataondoka na mtamba!"

Hapo ndipo nilipojiletea balaa.

"Bila kufuli langu angeingia kwa hodi ya kwanza," akasema Subilaga.

"Kufuli lenyewe jina la ng'ombe, dada!" Ambakisye akamjibu. "Lilikuwa linavunjika. Bila sauti niliyoipanga mimi, nani angejua?"

"Sauti mliisikia wote," akasema Gwamaka. "Mkakaa."

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Sasa kamba imenichubua kiganja. Mtamba hagawanyiki, na Subilaga ameshaanza kumwita Tausi. Nikimpa mmoja, wawili wameapa hawataligusa tena tangi lile. Waya tumesharudisha, kwa sababu bila huo hatujui hali ya maziwa, na mgeni yule bado yuko huko nje, anajua tulipo. Kesho asubuhi tangi litajaa tena.

Je, ungekuwa wewe, kamba hii ungemkabidhi nani? Semeni upesi, maana kifaa kimeanza kulia, na safari hii wote watatu wameketi wananitazama mimi.