Neno la Bi Bata Mlangoni kwa Siwatu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nyumba ina mlango, mlango una kufuli, na mwenye kufuli hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Tulieni, chocheeni moto, niwaambie."

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisutana na kupatana kwa lugha moja, Chozi ndiye aliyemletea Siwatu habari. Chozi ni yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya magunia. Alitua dirishani akihema, akasema:

"Dada Siwatu, dada Siwatu, dada Siwatu! Nyumba yako inaingiliwa!"

Siwatu alikuwa kwa mama yake, kijiji cha kilimani, ananyonyesha. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na ada ya kwao ni hiyo: mwana wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake, na mzazi harudi kwake mpaka arobaini ipite. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mavuno ya karafuu. Kwa hiyo kule bondeni nyumba yao ilikaa kimya. Mkeka umekunjwa, vyungu vimeinikwa midomo chini, mafiga yamepoa. Ufunguo Siwatu aliufunga kwenye pindo la kanga.

Siku hiyo ilikuwa ya thelathini na tatu.

"Inaingiliwa na nani?" akauliza Siwatu.

"Na kampuni."

"Kampuni gani?"

"Kampuni ya Nguchiro na Wenziwe, ile ya mabomba ya mianzi! Nguchiro ndiye meneja, Panya Buku ndiye mfungua milango, Fuko ndiye mchimbaji. Wanataka kupitisha bomba la maji chini ya sakafu yako. Juzi walipiga hodi, kimya. Jana walipiga hodi, kimya. Leo alasiri wanapiga ya tatu. Tena wana wimbo wao kabisa." Chozi akaimba:

*Hodi ya kwanza, tumebisha,*
*hodi ya pili, tumerudia,*
*hodi ya tatu, twajifungulia!*

"Wajifungulie nini?" akasema mama yake Siwatu, aliyekuwa anapepeta mchele. "Kwani wao wana mimba?"

Chozi akacheka. Siwatu hakucheka. Alikuwa anaufikiria ukuta wa upande wa jikoni. Ukuta ule ulikuwa na ufa tangu masika, na yeye na mumewe waliuegemeza kwa nguzo wakasema watauziba baada ya mavuno. Nani mwingine aliyejua? Fuko akipita chini yake, ukuta utakwenda, na paa litaufuata, na mtoto huyu atalala wapi?

Basi Siwatu hakuwa msemaji. Hata sokoni alinunua kwa kidole: hiki, na hiki, na hiki. Akamwambia Chozi kwa sauti ya chini, "Nenda ukawaambie nyumba hiyo ina mwenyewe."

Chozi akaenda, puruu! Akarudi. "Nguchiro amesema, nyumba isiyo na moshi ni gofu, na gofu halina mwenyewe."

"Nenda ukawaambie imefungwa, na ufunguo ninao mimi."

Chozi akaenda, puruu! Akarudi. "Panya Buku amesema, ufunguo wako ni wa chuma, wake ni wa meno."

"Basi nenda ukawaulize, nani kawaambia waingie?"

Chozi akaenda, puruu! Safari hii alikawia. Aliporudi hakutua vizuri, nusura aanguke.

"Dada, wana karatasi. Imeandikwa: *Tumekaribishwa na jirani, Bi Bata.*"

"Bi Bata!" Siwatu akasimama. Bi Bata anayeazimana naye ungo! Bi Bata aliyemfunga kanga ya tumbo siku alipopanda kilima kwenda kujifungua!

Akamfunga mtoto mgongoni. Mama yake akaweka ungo chini.

"Mwanangu, zimebaki siku saba. Mzazi hatoki."

"Mama, hizo saba zikiisha, nitarudi wapi?"

Mama akamtazama binti yake, akautazama mlango, akasema, "Basi shika chuma mkononi. Mzazi akitoka na chuma, mabaya humpisha njia."

Siwatu akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. "Chuma ninacho," akasema, na akateremka kilima.

Alipofika, Kampuni ilikuwa imekwisha panga foleni mlangoni. Nguchiro alisimama mbele na karatasi kwapani. Panya Buku alikuwa ananoa meno kwenye mwimo wa mlango, kreche, kreche, kreche. Fuko, macho yake madogo hayaoni kitu, alikuwa amekaa pembeni anasubiri kuambiwa pa kuanzia. Na majirani walijaa, kwa maana watu wa bonde lile walipenda sana kutazama.

Nguchiro akainua mkono. "Hodi ya kwanza, tumebisha! Hodi ya pili, tumerudia! Hodi ya tatu..."

"Subirini," akasema Siwatu. Hakuna aliyesikia.

"Subirini." Hakuna aliyesikia.

"Subirini!" Mtoto mgongoni akashtuka, akalia kilio kimoja cha kutoboa sikio. Hicho walikisikia.

Nguchiro akageuka. "Bibie, pisha kazi."

"Nyumba hii ni yangu, Bwana Nguchiro."

"Aa! Kumbe una mdomo? Siku tatu tunabisha hapa mpaka mikono inaota sugu, nawe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwa mama. Nimezaa."

"Hongera. Sisi tumekwisha karibishwa." Akaikung'uta karatasi. "Bi Bata! Jitokeze, usijifiche nyuma ya shoga zako."

Bi Bata akajitokeza, anayumba huku na huku, macho yamemtoka. "Mimi? Nimkaribishe nani kwenye nyumba ya mwenzangu? Mate yangu mwenyewe yanisute!"

"Twende kwa Hakimu," akasema Nguchiro. "Atasema huko."

Hakimu wa bonde lile alikuwa Korongo, na baraza lake lilikuwa bwawani, hatua chache nyuma ya nyumba. Alikuwa akisikiliza kesi kwa mguu mmoja. Akiushusha wa pili, ujue shauri limekatwa. Wote wakaenda. Mbele Kampuni, katikati majirani, nyuma Siwatu.

Nguchiro akasimama mbele ya Hakimu, akasafisha koo. "Mheshimiwa, mimi siombi mengi. Bi Bata, sema kweli. Nilikuuliza au sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ukanijibu au hukunijibu?"

"Nikakujibu."

"Ukasema neno gani?"

Bi Bata akasema, "Karibu."

Majirani wakaguna, mmm! Mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe ndivyo alivyo huyu." Siwatu akageuka, akapiga hatua moja kuelekea kilimani, akapiga ya pili. Lakini mtu asiyesema sana huwa anasikiliza sana, na kuna kitu Siwatu alikuwa hajakisikia. Akasimama. Akarudi.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba nimuulize jirani yangu."

"Uliza, ila inua sauti. Niko juu sana."

"Bi Bata, hilo lilikuwa jibu. Swali lilikuwa nini?"

Bi Bata akamtazama kama mtu aliyesahau chungu jikoni. "Swali? Aliniuliza, 'Mwenye nyumba hii yuko mbali?' Nami nikamwambia, 'Aa, wapi! Karibu.' Si kilima kile pale?"

Chozi akacheka, Panya Buku akacheka, na baraza zima likacheka mpaka bwawa likafanya mawimbi. Wa kwanza kunyamaza alikuwa Panya Buku, maana aliona uso wa meneja wake.

"Neno ni neno!" akasema Nguchiro. "Karibu ni karibu!"

"Nguchiro," akasema Hakimu Korongo, "nikikuambia mamba yuko karibu, utavua viatu uingie kwake?"

Nguchiro akakuna shingo.

"Na hata kama Bi Bata angesema karibu ile ya kukaribisha, je, ufunguo anao yeye? Analala humo? Jirani ni mtu mwema, lakini hawezi kugawa mlango usio wake."

"Lakini Mheshimiwa, nyumba ni tupu. Haina moshi mwezi mzima."

Hakimu akamgeukia Siwatu. Siwatu akatazama chini, akatazama ufunguo mkononi, kisha akainua uso. "Mheshimiwa, chungu kilichoinikwa si chungu kilichotupwa. Nimekiinika, nitakiinua. Nilikuwa nazaa tu."

"Vema. Umesikia, Nguchiro?"

"Lakini Mheshimiwa," Nguchiro akajaribu tena, "hii ilikuwa dharura!"

"Dharura ya tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Juzi ulipiga hodi ukaenda kula. Jana ukapiga hodi ukaenda kula. Dharura gani inayokusubiri ushibe?"

"Na nyumba ikiwaka moto?" akauliza Panya Buku, kwa kutaka kujua tu.

"Ikiwaka moto, ingia bila hodi, na ndoo ya maji mkononi."

Nguchiro sasa alikuwa ameikunja karatasi yake mpaka imekuwa ndogo kama kipakiti cha ugoro. Akauliza kwa upole, "Basi Mheshimiwa, kampuni ifanye nini? Visima vya kusini vimekauka. Wanawake wa kule wanatoka alfajiri, wanarudi jua la utosi, na ndoo moja. Sikuitaka nyumba ya mtu. Nilitaka njia."

Siwatu akashtuka kidogo. Hilo lilikuwa halijasemwa popote, si kwenye wimbo, si kwenye karatasi.

"Ungeanza na hilo, tungekuwa tumekwisha kula," akasema Hakimu. "Sikiliza. Nyumba isiyo na mtu leo ina mwenyewe leo. Mtafute alipo, umwambie wewe ni nani, unataka nini, kwa sababu gani, na siku gani. Akikubali, ingia. Akikataa, usiguse kitasa. Njoo kwangu na sababu zako, naye aje na zake, niwasikilize nyote wawili. Nikiona haja ni kubwa, nitakupa karatasi yenye alama ya unyayo wangu. Na hata ukiwa na unyayo wangu, utaingia mchana, yeye au mtu wake amesimama pale. Utagusa kile ulichosema utagusa. Ukibomoa, utajenga."

Akaushusha mguu wa pili majini, chubwi! Shauri likakatwa.

Nguchiro akamsogelea Siwatu. Safari hii alisimama mbali kidogo, kama mtu anayejua kubisha.

"Bibie, mimi ni Nguchiro wa Kampuni ya mabomba. Naomba kupitisha bomba moja chini ya sakafu yako, kwa ajili ya watu wa kusini. Unasemaje?"

Majirani wote wakamtazama Siwatu. Zamani angetikisa kichwa tu, iwe ndiyo, iwe hapana, ili wamwondolee macho. Lakini mtoto alikuwa amelala mgongoni, na ukuta wake wenye ufa ulikuwa bado umesimama.

"Nitakujibu kesho," akasema.

"Kesho? Na watu wana kiu?"

"Kesho asubuhi. Niifikirie nyumba yangu."

"Ana haki hiyo," akasema Hakimu Korongo, akachomoa samaki majini, maana njaa ilikuwa imemshika.

Jioni ile Siwatu alimweleza mama yake kila kitu, na hakuwahi kumweleza jambo refu namna ile. Bi Bata alipanda kilima na mayai sita kuomba radhi, ingawa hakuwa na kosa, na wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake asubuhi, kabla umande haujakauka, Siwatu aliteremka na chuma chake mkononi. Akafungua kufuli. Akatoa mkeka, akatoa vyungu, akavipanga nje juani. Kisha akachukua ukambaa mrefu, ule wa kufungia kuni, akaulaza sakafuni kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani, mbali kabisa na ukuta wa jikoni uliokuwa upande wa kulia. Akaufunga ncha moja kwenye mwimo, akaenda kizingitini, akakaa, akanyonyesha.

Kampuni ikaja. Nguchiro alisimama nje na wenziwe nyuma yake, akapiga hodi moja, akangoja jibu.

"Nimekubali bomba," akasema Siwatu. "Njia nitaionyesha mimi. Ukuta ule una ufa, hapiti mtu chini yake."

"Sawa, mama."

Fuko akaingia taratibu, pua chini. Akaupapasa ukambaa kwa pua mpaka mwisho, akarudi mpaka mwanzo. Kisha akainua uso wake usioona, akauelekeza pale sauti ilipokuwa.

"Mama," akauliza, "nipite kulia kwa kamba, au kushoto?"

"Kushoto," akasema Siwatu, kwa sauti iliyosikika mpaka bwawani. "Na usiivuke."

Nguchiro, meneja mzima, akapiga magoti, akashika ncha ya pili ya ukambaa isije ikateleza.

Wakachimba. Nami nilipopita siku ile nilikuta udongo wa shimo umefika hadi njiani, nikauruka, nikaenda zangu. Hadithi yangu ikabaki pale pale, haikwenda mbele.