Upatu Uliolala Benki

Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa pembeni na kutoboka katikati, lakini ni wako. Msala wa mpita njia unapendeza, una nakshi, ila mwenyewe akiinuka anaukunja na kwenda nao, nawe unabaki na mavumbi magotini. Waliotuonya juu ya mikeka hii miwili hawakuchukia vitu vipya hata kidogo. Walikuwa wameona watu wenye akili zao timamu wakiachwa wamepiga magoti ardhini. Eulalie Quamina wa hapa kwetu kisiwani, mji wa Sangre Grande, ni mmoja wao, na asikudanganye mtu kwamba alikuwa mjinga.

Mama yake, marehemu Ma Quamina, aliendesha upatu kwa miaka thelathini na minane akiwa na bati moja la biskuti lenye kutu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu kumi na wawili walikusanyika uani kwake. Kila mmoja aliweka zake batini mbele ya macho ya wote, na mwenye zamu aliondoka na fungu lake kabla jua halijazama. Ma alikuwa na sheria moja tu, naye aliisema kila mwezi kana kwamba hajawahi kuisema: "Pesa ya upatu hailali." Mwaka wa mafuriko makubwa, mwenye zamu aliposhindwa kufika, Ma alivua viatu akavuka maji ya magoti kumpelekea haki yake. Alirudi ana homa ya siku tatu, lakini pesa haikulala.

Ma alipofariki, ukijumbe, yaani kazi ya kusimamia upatu, ukamwangukia Eulalie, karani wa halmashauri, mwanamke nadhifu asiyependa kutu. Mwaka huo huo jirani mmoja alinyang'anywa fungu lake langoni, akiwa na ufunguo mkononi. Wanachama wakaingiwa na hofu. Eulalie akawaambia, "Jamani, tuache mambo ya bati. Nitumieni kwa simu kwenye akaunti yangu ya benki, nami nitamtumia mwenye zamu. Mwizi ataiba nini? Hewa?"

Watu walipiga makofi. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, Shangazi Dhanmatee, muuza mikate ya dengu penye kona ya soko.

"Simu yangu mimi ni ya kupigia," alisema. "Halafu mtu nikimpa pesa napenda nimwone akizipokea. Ingawa siku hizi wala simwoni vizuri."

Wakacheka, naye akacheka nao. Lakini haikuwa dhihaka. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kazi yake ni kukaanga mikate katika karai la mafuta yanayochemka. Mwaka ule alikuwa ameshatumbukiza vidole mara mbili. Kliniki ilimwambia atalipa dola elfu kumi na mbili kwa kila jicho, taslimu kabla ya kisu. Daktari bingwa huja mara mbili tu kwa mwaka, na safari hii angekuwepo Jumatatu baada ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano. Ndiyo maana Shangazi aliomba zamu ya mwezi huo. Watu kumi na wawili kwa elfu mbili ni elfu ishirini na nne, macho mawili kamili, bila senti ya kubaki.

Kufikia Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo wote walikuwa wameshatuma isipokuwa Shangazi, ambaye zake zilikuwa zimefundikwa kwenye leso. Pamoja na elfu mbili za Eulalie mwenyewe, akaunti ilikuwa na elfu ishirini na mbili. Ijumaa asubuhi, akiwa kazini na kikombe cha chai mkononi, Eulalie alifungua simu ili ajue benki itafungwa saa ngapi akazitoe. Akaona akaunti ina dola arobaini na tatu.

Alifunga akafungua tena. Arobaini na tatu. Akaizima simu na kuiwasha, akasubiri. Arobaini na tatu, na mstari mmoja chini yake: "Fidia ya deni." Chai ikamwagika juu ya faili za watu, wala hakuifuta.

Benki alimkuta msichana aliyevaa beji, sauti yake ya upole. Eulalie hata hakuketi.

"Nimeibiwa, binti yangu. Fungeni hiyo akaunti sasa hivi!"

"Hujaibiwa, mama. Pesa imefidia deni."

"Deni gani? Mimi sidaiwi hata chumvi dukani!"

Msichana akageuza kioo cha kompyuta. Pale palikuwa na jina la Rawle, binamu yake, na chini yake saini ya Eulalie, ile yenye mkia mrefu anayojivunia. Akakumbuka. Miaka mitatu nyuma, wiki ya karnivali, Rawle alikuja na karatasi za mkopo wa gari na chupa ya ramu. "Saini hapa, Lalie, ni utaratibu tu. Wanataka jina la mtu mwenye mshahara." Alisaini juu ya boneti la gari lenyewe, muziki ukipiga, bila kusoma hata mstari mmoja. Gari lilipata ajali mwaka jana. Rawle naye hakuonekana tena.

"Miezi sita hajalipa," msichana alisema. "Mkataba unasema mdhamini ana wajibu sawa na mkopaji, na benki inaweza kuchukua kwenye akaunti yake yoyote iliyo hapa. Tulikuandikia barua mbili."

Barua! Zilikuwa nyuma ya televisheni, hazijafunguliwa. Eulalie alidhani ni zile za kumshawishi akope.

"Sikiliza," alisema. "Hizi si pesa zangu. Ni za upatu wa watu kumi na wawili. Ni macho ya mtu haya!"

"Akaunti ina jina la nani?"

"Langu."

"Basi, mama. Benki inaona jina lako tu." Msichana akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Hata mama yangu anacheza upatu. Ungeniuliza, ningekwambia usiulaze hapa. Bado deni lina elfu tisa, kwa hiyo mshahara wako wa wiki ijayo, kama unapitia hapa... hamisha leo."

Eulalie alitoka nje, jua likampiga usoni. Alimpigia Rawle mara saba, na mara saba akaambiwa nambari haipatikani. Njia ya kwenda kazini ilipita penye kona ya soko. Alinyata kama mwizi, akiomba Mungu asionekane na mtu ambaye hata hivyo haoni.

"Lalie! Unanipita?" Shangazi Dhanmatee aliita bila kugeuka. "Hatua zako nazijua. Njoo ule."

Akasogea. Shangazi alipapasa ukingo wa karai kwa upande wa nyuma wa vidole, akaupata, akatoa mikate miwili laini na kuijaza dengu na pilipili. Kidole gumba kilikuwa na kovu bichi, bado jekundu.

"Jumatatu, Lalie! Kitu cha kwanza nataka nione sura ya mjukuu wangu. Cha pili nimwone huyo mshenzi anayenipa noti ya dola moja akisema ni tano."

"Utamwona, Shangazi," Eulalie alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kumwambia ukweli, nayo ikapita. Aliitafuna ile mikate mpaka yote ikaisha, kwa sababu Shangazi alikuwa anasikiliza kama inaliwa.

Alasiri ile alikwenda kwa sonara na bangili nne za dhahabu za Ma. Sonara alizipima mara mbili, akasema elfu saba na mia tano. Eulalie hakubishana. Alirudi nyumbani na pesa hizo, mikononi hamna bangili, akapanda kwenye kiti, akalishusha bati la biskuti kutoka juu ya kabati.

Jumamosi Eulalie aliwaita wanachama wote, nao wakaja uani kwa Ma, Shangazi akitangulia. Wa kwanza kuliona bati mezani alikuwa Hollis, dereva wa basi, mtu wa maneno.

"Loo! Lalie, leo umefungua makumbusho? Kiingilio bei gani?"

Wengine wakacheka. Eulalie hakucheka. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akawaambia yote: saini, barua, arobaini na tatu. Alisema haraka haraka, kwa sababu alijua akinyamaza tu hataweza kuanza tena.

Kelele zikalipuka kutoka kila upande.

"Benki imechukua?" Hollis alisema, na mzaha ulikuwa umemtoka kabisa. "Au umechukua wewe, ukazipa jina la benki?"

"Karatasi ya benki hii hapa, kaka Hollis. Isome."

"Karatasi hata mimi nachapisha!"

"Mimi nakwenda polisi," mwanamke mmoja akasema, akainuka na mkoba wake. "Nimekuamini, Lalie! Nimekutumia nikiwa kitandani, sijapiga hata mswaki!"

"Ma angeona haya," mwingine akasema taratibu, na neno hilo lilimchoma Eulalie kuliko la polisi. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Alijua vizuri kwamba kuanzia siku ile, popote atakapopita hapa mjini, watu watakumbuka pesa kwanza ndipo wakumbuke jina lake.

Shangazi Dhanmatee alikaa na leso yake mapajani, uso ameuelekeza pasipo na mtu.

"Lalie," alisema mwishowe. "Sogea hapa. Umeleta ngapi?"

"Elfu saba na mia tano, Shangazi. Bangili za Ma. Nyingine nitalipa, nakuapia, kila mwezi, hata kama..."

"Sijakuuliza kiapo. Bati liko wapi?"

Eulalie akamsogezea. Shangazi akafungua fundo la leso, akaweka noti moja moja ndani, akizihesabu kwa kidole chenye kovu mpaka zikatimia elfu mbili. "Leo ni siku ya kuweka," alisema. "Mimi nimeweka."

Watano waliondoka wakitukana, na siwalaumu. Pesa zao zilikuwa za jasho. Watano walibaki, wakatoa walichokuwa nacho mfukoni, mia tano tano, Hollis wa mwisho, huku ananung'unika kwamba hajasamehe mtu na asieleweke vibaya. Eulalie akahesabu kwa sauti mbele ya wote, kama mama yake alivyokuwa akihesabu.

"Elfu kumi na mbili."

"Jicho moja," Shangazi alisema.

"Lipi?" Hollis akauliza, halafu akatamani angemeza ulimi.

"La kulia. Ndilo linalokaa upande wa mafuta."

Akazifunga kwenye leso, akazisukumiza kifuani, na mtu mmoja akamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Jua lilikuwa bado halijazama.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita watu walikutana tena uani kwa Ma Quamina, saba tu safari hii. Bati lilikuwa katikati ya meza, wazi. Eulalie aliweka zake, na juu yake fungu la kwanza la kulipa watu. Mshahara wake sasa haukupitia ile benki, lakini shingoni alikuwa amekonda na mikononi hamna kitu. Shangazi Dhanmatee aliingia amevaa miwani nyeusi, akaivua, akainama juu ya bati na kuzitazama noti moja moja, nyekundu, kijani, kijivu. Kisha akainua uso, akamtazama Eulalie kwa muda mrefu.

"Kumbe umezeeka, Lalie."

"Ni mwezi mmoja tu, Shangazi."

"Naona." Shangazi akalifunika jicho la kulia kwa mkono, akabaki anatazama kwa la kushoto, jeupe kama maziwa. Akanyoosha mkono mwingine kumtafuta Eulalie, akashika hewa. "Hili bado liko benki," alisema.

Eulalie akaupokea ule mkono uliokuwa ukipapasa, akauweka juu ya bati la mama yake lenye kutu, nao ukatulia pale. Mimi nilikuwa mmoja wa wale saba, na tangu siku hiyo, mtu akiniletea njia mpya ya kutunza kilicho cha watu, humjibu hivi: usiache mbachao kwa msala upitao.