Chombo cha Jirani Hakilali

Wapendwa, fungeni kwanza vitabu mnisikilize kwa masikio tu. Nina mfano mmoja asubuhi hii, na nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msitoke hapa mkaanza kuulizana nchi hiyo iko wapi.

Palikuwa na familia ya wamisionari: mume, mke na binti yao wa miaka saba. Walitoka nyanda za juu kama hizi zetu, kwenye viazi na baridi, wakatumwa na kanisa lao nchi ya mbali yenye joto, kwa watu ambao hata salamu yao hawakuijua. Siku ya tatu tu tangu wafike, jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mjane, aliwaletea bakuli la kunde zilizoungwa kwa karanga. Walikula wakafurahi. Mama mmisionari aliosha lile bakuli likang'aa, akatia sukari ndani, akalirudisha kwa mwenyewe kabla jua halijazama. Nani kati yenu kina mama angefanya tofauti? Sisi sote tumelelewa hivyo, kwamba chombo cha jirani hakilali, wala hakirudi kitupu.

Walikuwa watu wema hao, na wachapakazi. Baba aliamka saa kumi na moja alfajiri, akasali, akafagia uwanja mwenyewe. Jumatatu alikwenda zahanati kuwaona wagonjwa. Jumanne mama alitoa cherehani barazani akafundisha wasichana kushona. Alhamisi walitembea nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, hawakwenda mikono mitupu: leo sabuni, juma lijalo chumvi, mara nyingine madaftari ya watoto. Lugha waliishika ndani ya miezi minane. Wale mliojaribu kujifunza lugha ukubwani mnajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Sasa njooni Jumapili. Baba alikuwa amepiga randa mabenchi kumi na mawili kwa mikono yake. Walioketi walikuwa mke wake, binti yake, na mzee mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa inavuja. Mvua zikiisha, mzee naye haonekani.

Watu hawakuwachukia. Walipokea sabuni wakashukuru, wasichana walijua kushona wakaenda zao. Ila hakuna aliyekuja kukaa. Mnamjua mtu anayekuja kukaa? Yule ambaye hodi yake unaisikia akiwa tayari ameshaingia, anavuta kigoda, anachungulia sufuria na kuuliza leo mnapika nini. Huyo hakuwapo hata mmoja. Mwaka ulipita, wa pili ukafika katikati, ndipo barua ikaja kutoka kanisa lililowatuma: kama kufikia Desemba hakuna usharika, fungeni nyumba mrudi.

Mama aliisoma ile barua akiwa anachambua mchele barazani. Akaiweka chini ya ungo.

"Baba," alisema, "mimi barua hainiumizi. Kinachoniumiza ni kwamba nikifa hapa, utanizika peke yako."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema ninachokiona. Tumewakosea nini hawa watu?"

Mumewe alichukua ufagio. Alikwenda kufagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Oktoba baba akaitwa kwenye mkutano wa siku nne, mji wa mbali. Siku ya pili malaria ikamwangusha mama, hata kuinuka kitandani hawezi. Binti akavuka uwanja akamwambia yule mjane, "Mama hasimami." Yule mama akaja na bakuli la uji, akamnywesha, akamfuta jasho, akamtuma mtoto zahanati kumwita mganga. Bakuli likabaki kwenye rafu. Nani wa kuliosha? Mgonjwa hajijui, na mtoto rafu haifikii.

Kesho yake yule mama alirudi. Alipoingia aliliona bakuli lake pale pale, uji umeganda pembeni. Akalitazama kwa muda, akaligusa kwa kidole, akageuka akatoka. Mgonjwa alimwona kutoka kitandani na alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijisemea, basi, leo hata yule mmoja aliyekuja nimemuudhi kwa uchafu wangu.

Mchana wakaja wanawake wawili na vyombo. Jioni watatu. Kesho yake sikumbuki tena hesabu, na mfano ni wangu. Walipika, walifua, walikaa chini wakapiga soga hadi mgonjwa akacheka na homa yake.

Baba akafika siku ya tano, mkoba begani, akakuta nyumba imejaa watu asiowatarajia. Mkewe amekaa kitandani anakunywa supu. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akatupa jicho jikoni, akaona mabakuli na masahani ya watu yamepangana sakafuni, mengine yana ukoko wa juzi. Aibu ilimshika. Mtu wa adabu yule. Hakupumzika hata kidogo: alikunja mikono ya shati, akachota maji, akaosha vyote, akavipanga kwenye beseni, akajitwika, akaelekea mlangoni.

Mjane akasimama kizingitini.

"Baba, unavipeleka wapi?"

"Kwa wenyewe, mama. Mmetusitiri sana. Haifai tukae na vyombo vya watu."

Soga zikakatika nyumba nzima. Yule mama akamtazama, na macho yake yakalengwa machozi. Akasema taratibu, "Tumewakosea nini?"

Mnasikia? Ni neno lile lile la mkewe kule barazani, sasa linatoka upande wa pili.

"Hamjatukosea kitu," baba akasema, beseni bado liko kichwani. "Kwetu hiyo ndiyo heshima. Chombo cha jirani hakilali."

"Kwetu chombo kinachorudishwa siku ile ile ni cha mtu mliyegombana naye. Unamrudishia ili asiwe na sababu ya kuja tena. Nilipowaletea kunde, mkeo alinirudishia bakuli jua halijazama, tena limejaa sukari ili nisiwe na neno. Nikawaambia wenzangu, wageni hawa hawataki njia ipite kati yao na sisi, tuwaheshimu. Tukawaacha." Akalionyesha beseni kwa kidole. "Juzi nimeona bakuli langu limelala kwenu. Nikasema, kumbe wamekubali."

Baba alishusha beseni. Akavirudisha vyombo jikoni kimoja kimoja, akakaa sakafuni kando ya vyombo hivyo, na mtu mzima yule akalia. Mwaka na nusu alikuwa akifunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anabisha hodi.

Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale mwenyeji ndiye aliyekuja, akapona mgeni. Jumapili iliyofuata mabenchi manne yalijaa. Msinipigie makofi, hawakuja kwa sababu ya mahubiri. Walikuja kuulizia vyombo vyao, wakakuta ibada inaendelea, wakakaa. Kukaa ndiko kulikokuwa kumekosekana. Na ile barua ikapata jibu la mstari mmoja: "Ndugu zetu, hatuwezi kurudi sasa, tuna vyombo vya watu."

Haya, mfano umeisha. Sasa nawaona kina mama mnatabasamu na kina baba mnasema moyoni, hilo ni la wamisionari, sisi hatuendi popote.

Sisi je? Sisi tunaoandika majina yetu chini ya hotpoti kwa rangi ya kucha, ili hata likienda msibani lirudi siku hiyo hiyo? Ni nani hapa yuko radhi jirani amsaidie, halafu akae bila kulipa fadhila? Tukibebewa mzigo tunakimbia kubeba wa mwenzetu, si kwa upendo, ila tusiwe chini ya mtu. Tunapenda kutoa, maana anayetoa husimama, na anayepokea hukaa. Sisi hatutaki kukaa. Halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayeingia kwetu bila hodi.

Na Mungu naye tunamfanyia vivyo hivyo. Anatuletea neema, sisi tunaosha bakuli mbio mbio, tunatia sadaka kidogo na kufunga kidogo, tunamrudishia kabla jua halijazama. Tunaita ni uchaji. Yeye aliacha bakuli lake kwetu makusudi, apate sababu ya kuja tena.

Nilitaka nimalizie hapo, wapendwa, nishuke nikiwa nimehubiri vizuri. Lakini jana nilipokuwa naandaa mfano huu, nilisimama nikafungua kabati letu la vyombo pale nyumba ya mchungaji. Nimekaa nanyi miaka tisa. Nimewazikia, nimewafungishia ndoa, nimekula katika nyumba zenu karibu zote. Nilitazama rafu ya juu, nikatazama ya chini, nikainama hadi nyuma kabisa. Sahani zote ni zetu. Hamna chombo cha mtu hata kimoja.

Niliona haya, na bado naona. Mkifika nyumbani leo, kabla hamjapakua chakula, fungueni na nyinyi mtazame.