Ndege Iliyorudi Bila Rubani

Paukwa!
Pakawa.
Paukwa ya wapi?
Ya kaskazini, mate yanakogandia mdomoni.
Basi sogeeni karibu karibu, maana tunakokwenda hakuna moto.

Palikuwa na Dubu, jina lake Yerofei. Dubu huyu aliishi Urusi, ndani ya msitu wa misonobari, na humo msituni wanyama walikuwa na kiwanda cha kuunda ndege za vita. Yerofei ndiye mkuu wa kiwanda. Alikuwa na nguvu, alikuwa na sauti, na alikuwa na tumbo. Lile tumbo ndilo lililokuwa likimtuma.

Nyuma ya kiwanda palikuwa na uwanja mpana. Ndege kuukuu zimepangwa pale safu kwa safu, zimebeba theluji mgongoni, pua zimeelekea msituni. Upepo ukipita kwenye mabawa yale hulia uuuu, uuuu. Mnyama akipita pale, hata mchana, hukaza mwendo na hatazami nyuma.

Siku moja wakubwa wa mji mkuu wakatoa amri. Ndege zimechoka, wakasema, zifanywe upya: injini mpya, mabawa mapya, vyombo vipya vya kuongozea. Wakaleta kila kitu kwa treni. Wakaleta na mitungi ya asali, iwape mafundi nguvu kwenye baridi.

Yerofei akaitazama asali, akaila. Akazitazama injini, akazipeleka kwa mbwamwitu wa ng'ambo ya mto, wakampa samaki wanono. Akala. Mabawa yakavuka mto, samaki wakaja, akala. Yakabaki mapipa ya rangi tu, ambayo hayaliki. Hapo akawaita mafundi, sungura weupe wa theluji, akawaambia, "Pakeni."

Wakapaka. Pwa, pwa, pwa. Ndege ya mbele ikang'aa kama yai. Yerofei akatangaza kuwa imekuwa mpya.

Marubani walikuwa kindi, maana kindi ni wepesi na viti vilikuwa vidogo. Kindi wa kwanza akapanda. Ndege ikanguruma, vuuuu, ikaingia winguni, vuuu, kisha kimya. Wakangoja mpaka masikio yakauma.

Asubuhi yake ndege ilikuwa pale pale, mahali pake. Hakuna aliyeisikia ikitua. Theluji mbele yake ilikuwa laini, haina alama ya gurudumu. Rangi imebanduka yote. Mlango wazi, mkanda umefungwa, kiti kitupu. Fundi mmoja akatia mkono kitini, akautoa haraka. Kiti kilikuwa na joto, kama mtu kainuka sasa hivi.

Mafundi walilia. Yerofei alifurahi, kwa kuwa ndege haikupotea. Akasema, "Pakeni."

Wakapaka. Pwa, pwa, pwa. Kindi mwingine akapanda. Vuuuu, kisha kimya. Asubuhi ndege ipo, rangi haipo, kiti kina joto. "Pakeni." Wakapaka. Akapanda mwingine. Ikawa ukiweka sikio kwenye ubavu wa ndege ile unasikia pumzi ndani, hhh, hhh, na si pumzi ya mmoja.

Zamu ikamfikia Tikhon. Huyu alikuwa kindi kijana, hana baba wala mama, amelelewa na dada yake Glafira, mshonaji wa glavu za marubani. Wote wasiorudi waliondoka na glavu alizoshona yeye. Glafira akamwambia mdogo wake watoroke. Tikhon akakunja blanketi lake vizuri, akaliweka kitandani.

"Nikitoroka, dada, atapandishwa Senya, anayenifuata kwa zamu. Naye ana watoto."

Glafira akainuka. Akatoka, akaokota mtungi uliotupwa nyuma ya nyumba ya Dubu, akakwangua masalia ya asali, akaenda uwanjani akayapaka kwenye kiti cha ndege. Alipoinama zile pumzi zilinyamaza, kama zinamsikiliza. Kisha akaenda kubisha hodi kwa Yerofei.

"Mzee, nimekuja kukuaga. Naomba niende na mdogo wangu."

"Uende wapi?"

"Huko walikobaki wenzake."

Yerofei akaacha kutafuna. Akauliza huko kuna nini. Glafira akaziba mdomo, kama aliyeponyokwa na siri. Dubu alipomkaripia, akasema polepole kwamba juu ya wingu kuna mizinga ya nyuki isiyo na mwenyewe. Marubani wakifika hushuka kula, na aliyeanza kula hataki tena kurudi, kwa hiyo ndege hurudi peke yake. Kama Mzee anaona ni uongo, akanuse kiti.

Yerofei akaenda. Akatia kichwa mlangoni, akalamba kiti. Asali kweli. Mle ndani kitu kikampumulia usoni, hhh. Aliyeshiba angekimbia. Yerofei alilamba tena.

Glafira akasema inasikitisha, lakini asali ile ni ya wadogo. Mlango wenyewe ni mdogo. Dubu akakasirika sana. Akaamuru mlango ukatwe. Misumeno ikalia, kwaru, kwaru, kwaru. Akajisukuma, akaingia, ndege nzima ikainama. Akauliza inaendeshwaje.

"Haiendeshwi, Mzee," akasema Glafira. "Inajua njia."

Vuuuu. Ilipokuwa ikipaa walimwona Yerofei kwenye kioo, mdomo wazi, anapiga kelele wasizozisikia. Nyuma ya bega lake palikuwa na nyuso nyingine, ndogo, masikio yamesimama. Kila mmoja aliziona, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ndege ikaingia winguni. Kimya.

Asubuhi ndege ilikuwa imerudi. Kiti kitupu, baridi kama chuma kingine chochote. Mafundi wakaweka masikio ubavuni, hawakusikia pumzi. Wakachukua spana, wakafungua pua. Hapakuwa na injini. Yerofei alikuwa amekwisha kuibadilisha na samaki, hata ile ya zamani. Palikuwa na theluji tu, imeshindiliwa. Fundi mkubwa akaanza kucheka, akashindwa kunyamaza, ikabidi apelekwe nyumbani. Waliobaki wakaisukuma ndege mpaka mtoni, barafu ikapasuka, ikaimeza.

Wakaguzi wa mji mkuu walipofika kumwulizia mkuu, Glafira akawaambia yuko juu, anaijaribu ndege. Wakasema viongozi wa namna hiyo ni adimu. Wakaleta injini na asali nyingine, na safari hii injini zilifungwa, maana mlaji hayupo. Tikhon akawa rubani. Anaondoka, anarudi, anakula, analala.

Siku moja Glafira akamuuliza huko juu huwa anaona nini. Tikhon akatafuna kwanza.

"Yuko," akasema. "Amekaa kwenye wingu. Hunipungia mkono."

"Anaomba msaada?"

"Hapana. Ananiita."

"Nawe hufanyaje?"

"Nageuza ndege."

Basi funzo lake, wanangu, ni hili: msiwadanganye wakubwa. Mkubwa akidanganywa hupaa, na akipaa mtabaki na asali yote, hamna wa kuwasaidia kuila.

Ngano yangu imetua. Aliyeielewa ashuke. Asiyeielewa abaki amefunga mkanda.