Zimwi la Bi Mwantumu

“Ukitaka kulijua zimwi, lipigie hodi.” Mmemsikia mama yenu akisema hivyo mlipokuwa mkimteta yule mpangaji mpya, na sasa mmenijia mimi mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Mikono iendelee na mbaazi, masikio mnipe mimi. Methali hii haikuletwa na meli wala haikutoka kitabuni. Ilizaliwa hapahapa mtaani kwetu Kisimani, siku ya Idi pili, na mwanzo wake ni huu.

Alikuwapo mama mmoja akiitwa Bi Mwantumu, mjane, asiyejaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Akifa mwanamke usiku wa manane, Bi Mwantumu ndiye wa kwanza kugongewa mlango, na hakuwahi kusema amechoka. Wakubwa walimheshimu, maana muosha huoshwa, na kila mmoja alijua siku yake ipo. Lakini watoto! Watoto walimwogopa kupita kiasi. Walisema nyumba yake imejaa mizuka. Walisema ukila kisheti kilichotoka mkononi mwake, maiti atakufuata kitandani kudai nusu yake. Nani aliyeyaanzisha hayo? Hakuna aliyejua. Uongo wa watoto hauna mama.

Sasa mnajua desturi yetu. Idi ikifika, watoto huvaa nguo mpya wakapita nyumba kwa nyumba, hodi hapa, hodi pale, wakapewa vitamutamu na visenti vya sikukuu. Bi Mwantumu naye kila Idi alikaanga visheti, akakata kashata, akapanga kwenye sinia na kufunika kwa kawa, kisha akaketi kungoja. Watoto walipofika nyumba ya jirani yake, walivuka barabara, wakampita, wakarudi upande huu mbele ya safari. Miaka saba mfululizo hakuna mtoto aliyempigia hodi. Jioni alivigawa vile visheti kwa wakubwa, akisema alikaanga vingi kwa bahati mbaya. Roho ilimuuma, jamani. Ilimuuma sana.

Jirani yake, Mzee Salimini, fundi wa makochi, alikuwa akiyaona yote hayo. Mwaka wa nane, Ramadhani ikielekea ukingoni, akamwendea.

“Dada Mwantumu,” akasema, “nilipokwenda kwenye maonyesho mjini niliona nyumba ya mazimwi. Watoto wanaingia, wanalia, wanatoka mbio, halafu wanarudi kwenye foleni waingie tena!”

“Wamerogwa?”

“Hawajarogwa. Mtoto ukimwambia asiogope, ataogopa zaidi. Ukimwalika aje kuogopa, atakuja mbio. Wanasema nyumba yako ina mizuka? Basi tuwape mizuka.”

Bi Mwantumu alimtazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Lakini usiku hakulala. Alijiuliza: watakuja kweli? Na wakija, watakula?

Wakaanza kazi. Madirisha wakayaziba kwa kaniki. Ukumbini wakaweka bakuli la tambi zilizopikwa zikapoa, hao ndio minyoo. Bakuli la pili wakatia matunda ya shokishoki yaliyomenywa, na ukiyashika gizani, hata mimi ningeapa kuwa ni macho ya watu. Mzee Salimini akaleta usumba, zile nyuzi za makumbi za kujazia makochi, akashona nywele za zimwi mpaka magotini. Nyuma ya pazia la mwisho wakaweka sinia la visheti. Mpango ulikuwa hivi: Mzee Salimini awe zimwi, angurume, apige debe, kisha atoe visheti. Bi Mwantumu ajifiche jikoni.

“Wakiniona mimi mwenyewe,” alisema, “mchezo umekwisha.”

Idi mosi tangazo la nyumba ya mazimwi likazagaa. Idi pili, baada ya alasiri, watoto wakajazana barazani, wanasukumana. Na hapo ndipo mjumbe alipokuja kumwita Mzee Salimini: wakwe zake wamewasili, wamekaa, wanamwulizia. Wakwe hawaachwi. Akamvisha Bi Mwantumu zile nywele, akamkabidhi debe. “Nguruma tu, dada,” akasema, akapita mlango wa uani.

Bi Mwantumu akabaki nyuma ya pazia, debe mkononi. Nje wakabishana weee, nani atangulie, mpaka akasukumwa Kidawa, binti wa miaka minane, mbishi kama punda wa chokaa. Huyu alilelewa na bibi yake, na bibi alikuwa amefariki mwezi wa Rajabu.

Kidawa akaingia. Akashika minyoo, akapiga kelele. Akashika macho, akapiga kelele zaidi. Lakini hakurudi. Alitaka kujua kuna nini nyuma ya lile pazia. Akafika, akasimama. Na kwa kuwa bibi yake alimfunza adabu, mtoto yule hakuwahi kuingia chumba cha mtu kimyakimya.

“Hodi?” akaita.

Bi Mwantumu akafungua kinywa angurume. Ngurumo haikuja.

“Hodi?”

Mkono ukakamata debe, lakini haukulipiga. Hodi ni tatu, wanangu. Ya tatu isipoitikwa, aliyelelewa vyema hugeuka akaenda zake. Bi Mwantumu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Miaka saba aliingoja sauti hiyo mlangoni pake, na leo imekuja, naye amevaa usumba kichwani!

“Hodi, wenyewe?”

“Karibu, mwanangu,” akasema. “Karibu ndani.” Na machozi yakamtoka.

Kisha pazia likafunguka kidogo, jicho moja likachungulia.

“Zimwi, shikamoo.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo.” Kidawa akazidi kutazama. “Wewe ni Bi Mwantumu.”

“Ndimi.”

“Mikono yako ndiyo inayoosha maiti?”

Angeweza kukwepa. Hakukwepa. Akaitoa mikono yote miwili kwenye usumba, akaionyesha. “Ndiyo hii.”

“Ulimwosha na bibi yangu?”

“Nilimwosha.”

Kidawa akafikiri. Swali lililofuata alikuwa nalo tangu mwezi wa Rajabu, na hakuna mkubwa aliyempa nafasi ya kuliuliza. “Maji yalikuwa ya baridi? Bibi alikuwa hapendi maji ya baridi.”

“Yalikuwa ya vuguvugu,” akajibu Bi Mwantumu. “Niliyapima kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga. Nikammiminia polepole.”

Mtoto akashusha pumzi. Akanyoosha mkono, lakini hakuchukua kisheti kwenye sinia. Alikisubiri mpaka akawekewa kiganjani na mkono uleule. Akakila chote hapo hapo, akalamba vidole. Kisha akatoka mbio hadi barazani.

“Limekula?” wenzake wakauliza. “Limekufanyaje?”

“Nimelipigia hodi,” Kidawa akasema, kinywa kingali na sukari. “Likasema karibu.”

Wakatazamana. Yaani zimwi linaitika hodi? Hilo lilikuwa jambo la kujionea. Wakaingia kwa mkumbo, wakikanyagana, na kila mmoja alipofika kwenye pazia alipaza sauti yake mwenyewe: “Hodi! Hodi! Hodi!” Bi Mwantumu akawaitika mmoja mmoja, hakumruka hata mdogo kabisa aliyebebwa mgongoni, mpaka sauti ikamkauka. Jioni ile hapakuwa na kisheti cha kumgawia mkubwa yeyote.

Basi mtaa ukashika maneno hayo. Mtu akianza kuvumisha kwamba fulani ni mchawi, fulani ni katili, fulani ana roho mbaya, huulizwa: umefika mlangoni kwake? Kama hujafika, nyamaza. Ukitaka kulijua zimwi, lipigie hodi.